Uingereza ni nchi ngapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Ufalme wa Muungano na maeneo yake ya ng'ambo

Je, "Uingereza" na "England" ni kitu kimoja?

Katika Kiswahili cha kila siku ni kitu kimoja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Neno Uingereza kwa asili linamhusu Mwingereza, yaani mtu wa England, lakini kwa kuwa ndiye aliyetujia na bendera, mahakama na kodi, jina lake likaenea hadi likaifunika dola nzima. Mtangazaji wa mpira anayesema "leo Uingereza inacheza na Uskoti" hajakosea, na msomaji wa habari anayemtaja "Waziri Mkuu wa Uingereza" naye hajakosea, ingawa wawili hao wanazungumzia vitu viwili tofauti. Jina rasmi la dola ni Ufalme wa Muungano wa Britania Kuu na Ireland ya Kaskazini. Britania Kuu ni kile kisiwa kikubwa chenye England, Uskoti na Wales (baadhi ya vitabu vyetu huandika Welisi), na Ireland ya Kaskazini ipo ng'ambo ya mlango wa bahari, katika pembe ya kaskazini-mashariki ya kisiwa cha Ireland. Katika majibu haya, dola nzima itaitwa Ufalme wa Muungano (au Uingereza, pale mazoea ya lugha yanapotaka hivyo), na sehemu yake kubwa kuliko zote itaitwa England.

Nchi hizo nne ziliunganaje?

Kila moja iliingia kwa mlango wake, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza karibu kila jambo lisilo la kawaida katika muundo wa leo.

Wales iliingia kwa kutekwa. Mfalme Edward wa Kwanza wa England aliishinda mwaka 1283, na katika karne ya 16, chini ya Henry wa Nane, sheria zilizopitishwa kati ya 1535 na 1542 ziliifanya sehemu ya England kwa sheria na utawala. Uskoti haikutekwa. Mwaka 1603 mfalme wake, James wa Sita, alirithi pia kiti cha England, na kwa zaidi ya miaka 100 falme mbili zikawa na mfalme mmoja lakini mabunge mawili. Mabunge hayo yaliunganishwa tarehe 1 Mei 1707. England ilitaka uhakika kwamba Uskoti haitajichagulia mfalme mwingine. Kwa upande wa Uskoti, hazina ilikuwa imeumizwa vibaya na jaribio la kuanzisha koloni huko Darien, Panama, na wafanyabiashara wake walitaka masoko ya England. Hata hivyo Waskoti waliingia kwa masharti: sheria zao, mahakama zao na kanisa lao vilibaki vyao. Ndiyo maana hadi leo hakuna kitu kinachoitwa "sheria ya Uingereza" kwa mambo yote. Kuna mfumo wa England na Wales, mfumo wa Uskoti, na mfumo wa Ireland ya Kaskazini. Kijana wa miaka 16 anaweza kufunga ndoa Uskoti, ilhali England na Wales umri huo ulipandishwa kuwa miaka 18 mwaka 2023.

Ireland yote iliunganishwa tarehe 1 Januari 1801. Sehemu yake kubwa ilijitoa baada ya vita vya kudai uhuru na kuwa Dola Huru ya Ireland mwaka 1922, lakini wilaya sita za kaskazini, ambako Waprotestanti waliotaka kubaki na London walikuwa wengi, zilikwisha kutengwa mwaka 1921 na kupewa bunge lao. Jina la dola lilirekebishwa mwaka 1927 ili lilingane na hali hiyo.

Kwa nini Wales haionekani katika bendera?

Kwa sababu bendera ilipoanza kutungwa mwaka 1606, Wales ilihesabiwa kuwa ndani ya England. Bendera ina msalaba wa Mtakatifu George wa England, wa Mtakatifu Andrea wa Uskoti, na, tangu 1801, wa Mtakatifu Patrick wa Ireland. Joka jekundu la Wales lina bendera yake lenyewe, na hupeperushwa Wales kwa fahari isiyopungua.

Je, kila nchi ina bunge na serikali yake?

Tatu zinavyo, England haina. Baada ya kura za maoni za Septemba 1997 Uskoti na Wales zilipewa mabunge, na Ireland ya Kaskazini ikapata lake kupitia Mkataba wa Ijumaa Kuu wa tarehe 10 Aprili 1998, uliomaliza sehemu kubwa ya umwagaji damu uliodumu kwa miongo mitatu. Bunge la Uskoti linakaa Edinburgh, la Wales (huitwa Senedd) linakaa Cardiff, na la Ireland ya Kaskazini linakaa Stormont, pembeni mwa Belfast. Afya, elimu, kilimo na mazingira kwa kiasi kikubwa ni mambo yaliyogatuliwa. Ulinzi, mambo ya nje, uhamiaji na sarafu vimebaki London.

Ugatuzi huo haulingani. Serikali ya Ireland ya Kaskazini lazima iundwe kwa pamoja na wanaotaka kubaki katika Ufalme na wanaotaka kuungana na Ireland, hivyo upande mmoja ukigoma, serikali nzima husimama. Ilisimama kati ya 2017 na 2020, kisha tena kati ya 2022 na 2024. Isitoshe, mabunge haya hayana kinga ya katiba kama ile ya majimbo ya Marekani au Ujerumani, kwa kuwa Bunge la Westminster, yaani bunge la Ufalme wote lililoko London, lina mamlaka ya juu kabisa na kwa nadharia linaweza kuyafuta kwa sheria ya kawaida. Lilikwisha kuliahirisha bunge la zamani la Stormont mwaka 1972.

England inatungiwa sheria moja kwa moja na Westminster, ambako kati ya wabunge 650, wa England ni 543. Kutokana na hali hiyo, mbunge wa Uskoti anaweza kupigia kura jambo la shule za England, lakini mbunge wa England hana kura juu ya shule za Uskoti. Mbunge Tam Dalyell aliliuliza swali hilo mwaka 1977, likaitwa kwa jina la jimbo lake, West Lothian, na mpaka sasa halijapata jibu la kudumu. Utaratibu wa kuwapa wabunge wa England kura ya turufu ulijaribiwa mwaka 2015 na kuondolewa mwaka 2021.

Muundo huo unafanana na Muungano wa Tanzania?

Msomaji wa Tanzania akifika hapa huwa tayari ametabasamu, na ana haki. England ndani ya Ufalme wa Muungano imekaa kama Tanganyika ndani ya Jamhuri ya Muungano: mshirika mkubwa asiye na serikali yake peke yake, ambaye mambo yake yanaendeshwa na serikali ileile inayoendesha mambo ya wote. Uskoti, kama Zanzibar, ina serikali na bunge lake kwa mambo yasiyo ya muungano, na lawama za pande zote mbili zinafanana kiasi cha kushangaza: mdogo hudai amemezwa, mkubwa huuliza kwa nini mdogo ana sauti kwake.

Lakini mfanano usivutwe kupita kiasi. Tanzania ina katiba iliyoandikwa, yenye orodha ya mambo ya Muungano, na mabadiliko ya baadhi ya mambo makuu yanahitaji theluthi mbili za wabunge wa kila upande. Ufalme wa Muungano hauna hati moja ya namna hiyo. Halafu kuna uzito wa idadi. Katika sensa ya 2021 England ilikuwa na watu takriban milioni 56.5, Wales milioni 3.1 na Ireland ya Kaskazini milioni 1.9; Uskoti, iliyohesabu mwaka 2022, ilikuwa na milioni 5.4. Muungano ambao mshirika mmoja ana zaidi ya watu wanane katika kila kumi ni vigumu kuupa mizani, hata kama ungekuwa na katiba iliyoandikwa kwa wino wa dhahabu.

England yenyewe imegawanyika katika mikoa?

Imegawanywa katika mikoa tisa, kuanzia Kaskazini Mashariki hadi Kusini Magharibi, lakini mikoa hiyo hutumika zaidi kwa takwimu. London peke yake ndiyo yenye meya na baraza lililochaguliwa kwa mkoa mzima, tangu mwaka 2000. Wakazi wa Kaskazini Mashariki walipoulizwa mwaka 2004 kama wanataka baraza la namna hiyo, walilikataa kwa karibu kura nne katika kila tano.

Je, nchi mojawapo inaweza kujitoa?

Uskoti ilipiga kura tarehe 18 Septemba 2014, na asilimia 55.3 wakachagua kubaki. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Bunge la Uskoti haliwezi kuitisha kura nyingine bila idhini ya Westminster. Ireland ya Kaskazini ina njia yake iliyoandikwa katika sheria ya 1998: waziri anayehusika London anapaswa kuitisha kura endapo itaonekana kuwa wengi huenda wakataka kuungana na Ireland. Kwa maneno mengine, sehemu iliyoingia kwa ugomvi mkubwa zaidi ndiyo iliyopewa mlango wa kutokea ulio wazi zaidi.

Jersey, Guernsey na Isle of Man ziko wapi katika hesabu hii?

Haziko. Visiwa hivi si sehemu ya Ufalme wa Muungano wala si maeneo ya ng'ambo. Ni milki za Taji, maana yake mfalme ndiye mkuu wao, na London inawajibika kwa ulinzi na uhusiano wao wa kimataifa, lakini sheria na kodi zao wanajitungia wenyewe. Jersey na Guernsey ni mabaki ya Utemi wa Normandy: mfalme wa England alipopoteza ardhi yake ya Normandy mwaka 1204, visiwa vilibaki mikononi mwake, na hadi leo wenyeji wake humtakia afya njema mfalme kwa jina la Mtemi wa Normandy. Wajerumani walivikalia kuanzia 1940 hadi Mei 1945. Isle of Man ina bunge liitwalo Tynwald, ambalo liliadhimisha miaka 1,000 mwaka 1979, na ambalo liliwapa wanawake wenye mali haki ya kupiga kura mwaka 1881, miongo kadhaa kabla ya Westminster.

Maeneo ya ng'ambo ni mangapi, na ni yapi?

Yanahesabiwa kuwa 14. Katika Karibi kuna Anguilla, Montserrat, Visiwa vya Virgin vya Uingereza, Visiwa vya Cayman, na Turks na Caicos. Kaskazini zaidi, katika Atlantiki, ipo Bermuda. Kusini mwa Atlantiki kuna Saint Helena pamoja na Ascension na Tristan da Cunha, Visiwa vya Falkland, na South Georgia na South Sandwich. Ulaya kuna Gibraltar, na kisiwani Kupro kuna kambi za kijeshi za Akrotiri na Dhekelia, zilizobakizwa Kupro ilipopata uhuru mwaka 1960 na ambamo hutumika euro. Pasifiki kuna Pitcairn, yenye watu wapatao 50 tu, wengi wao wazao wa mabaharia walioasi katika meli ya Bounty na wanawake wa Tahiti waliofika nao mwaka 1790. Bahari ya Hindi kuna Chagos, inayojibiwa peke yake hapa chini. La mwisho ni kipande cha Antaktika ambacho Argentina na Chile nazo zinakidai, na ambacho kwa mujibu wa Mkataba wa Antaktika wa 1959 madai yote juu yake yamewekwa kando.

Zamani yaliitwa makoloni, kisha maeneo tegemezi, na tangu sheria ya mwaka 2002 yanaitwa maeneo ya ng'ambo. Sheria hiyo ndiyo iliyowapa wakazi wake uraia kamili wa Uingereza, isipokuwa wenye uhusiano na zile kambi za Kupro tu.

Nani anayatawala?

Maeneo yenye wakazi wengi yana waziri kiongozi na bunge lililochaguliwa, pamoja na gavana anayeteuliwa kwa niaba ya mfalme. Gavana hushughulikia zaidi ulinzi, mambo ya nje na usalama wa ndani. Hayana wabunge Westminster, tofauti na maeneo ya ng'ambo ya Ufaransa ambayo hupeleka wabunge Paris. Lakini London ikitaka, mkono wake hufika: baada ya uchunguzi wa ufisadi huko Turks na Caicos, serikali na bunge la eneo hilo vilisimamishwa mwaka 2009 na gavana akatawala moja kwa moja hadi uchaguzi wa 2012.

Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, Visiwa vya Virgin na Cayman ni majina ya kwenye habari za mabilionea, kwa sababu ya kampuni zinazosajiliwa huko kwa kodi ndogo na usiri mkubwa. Katika Visiwa vya Virgin kampuni zilizosajiliwa ni nyingi kuliko watu kwa mbali. Mgogoro wa muda mrefu kati ya London na maeneo haya ni kama majina ya wamiliki halisi yawekwe wazi kwa kila mtu.

Kwa nini hayajadai uhuru?

Kumi kati ya maeneo haya yamo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi 17 zisizojitawala, na swali hili huulizwa sana na watu ambao wazazi wao walipigania uhuru. Jibu linatofautiana. Bermuda iliulizwa mwaka 1995 ikakataa. Anguilla ilifanya kinyume cha historia tuliyoizoea: mwaka 1967 ilipounganishwa na Saint Kitts katika serikali moja, iliwafukuza polisi wa Saint Kitts, na Waingereza walipotua na askari mwaka 1969 kurejesha utulivu, walikuta watu wanaotaka kutawaliwa na London kuliko na jirani. Gibraltar, iliyotwaliwa mwaka 1704 na kukabidhiwa kwa Mkataba wa Utrecht wa 1713, ilipiga kura mwaka 1967 ambapo watu 12,138 walichagua Uingereza na 44 wakachagua Hispania. Visiwa vya Falkland, ambavyo Argentina huviita Malvinas na ambavyo vilipiganiwa kwa wiki kumi mwaka 1982, vilipiga kura mwaka 2013: 1,513 dhidi ya watatu. Argentina husema kura ya walowezi waliopandikizwa haiwezi kuamua ardhi ni ya nani. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, ila inakuwa ngumu kuishikilia mbele ya familia zilizokaa hapo vizazi saba au vinane.

Montserrat ina sababu yake. Volkano ya Soufrière Hills iliamka mwaka 1995, ikaua watu 19 tarehe 25 Juni 1997 na kuuzika mji mkuu wa Plymouth. Zaidi ya nusu ya wakazi waliondoka. Plymouth bado ni mji mkuu kisheria, ingawa haukaliwi na mtu hata mmoja.

Habari ya Chagos ni ipi?

Hii ndiyo inayotugusa kwa karibu zaidi, kwa kuwa ni visiwa vya bahari yetu. Mwezi Novemba 1965, miaka chini ya mitatu kabla ya uhuru wa Mauritius, Uingereza ilivikata visiwa vya Chagos kutoka koloni hilo, ikavichanganya na visiwa vichache vya Shelisheli, na kuunda eneo jipya la Bahari ya Hindi. Mauritius ililipwa pauni milioni 3. Vile vya Shelisheli vilirudishwa nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 1976. Chagos haikurudishwa, kwa sababu mwaka 1966 kisiwa chake kikubwa, Diego Garcia, kilikwisha kuahidiwa Marekani kiwe kambi ya kijeshi.

Kambi ilitakiwa bila watu. Wakazi wake, wengi wao wazao wa watumwa walioletwa kutoka Afrika bara na Madagaska kulima minazi, waliondolewa kati ya 1968 na 1973 na kutupwa Mauritius na Shelisheli. Mbwa wao waliuawa kabla ya wenyewe kupakiwa melini. Katika karatasi za serikali walielezwa kuwa vibarua wa mkataba tu, ili isionekane kwamba kisiwa kina wenyewe.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki, chini ya rais wake wa wakati huo Abdulqawi Yusuf wa Somalia, ilitoa maoni tarehe 25 Februari 2019 kwamba uondoaji wa ukoloni Mauritius haukukamilika kihalali na kwamba Uingereza inapaswa kumaliza utawala wake huko upesi iwezekanavyo. Mwezi Mei mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliunga mkono kwa kura 116 dhidi ya 6. Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kurejesha mamlaka kwa Mauritius, huku Diego Garcia ikikodishwa kwa miaka 99 kwa wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Kutia saini si kukabidhi: mkataba wa namna hii hauna nguvu mpaka uridhiwe na pande zote mbili. Wachagosi wenyewe hawakuketi mezani, na baadhi yao wanaupinga kwa sababu hiyohiyo.

Je, Zanzibar, Kenya na Tanganyika zilikuwa maeneo ya aina hii?

Zilikuwa chini ya bendera hiyohiyo lakini kwa hadhi tofauti. Zanzibar tangu 1890 ilikuwa himaya, yaani Sultani alibaki kitini na Mwingereza akashika usukani. Tanganyika ilikuwa udhamini, yaani nchi ambayo Uingereza ilikabidhiwa kuisimamia, kwanza wa Shirikisho la Mataifa na baadaye wa Umoja wa Mataifa. Kenya ilikuwa vyote viwili: bara ilikuwa koloni kuanzia 1920, na ukanda wa maili kumi wa Mwambao ulikuwa himaya iliyokodishwa kutoka kwa Sultani hadi ulipokabidhiwa Kenya mwaka 1963. Leo Kenya na Tanzania ni wanachama huru wa Jumuiya ya Madola, na uanachama huo hauipi London mamlaka yoyote juu yao.

Kuna kiungo kimoja kisichojulikana sana. Seyyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani wa Zanzibar na kuangushwa kwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896 katika vita visivyomaliza saa moja, alikimbilia Dar es Salaam kwa Wajerumani. Waingereza walimkamata mwaka 1916, na katika uhamisho wake alipelekwa Shelisheli na Saint Helena, kisiwa kilekile alikofia Napoleon mwaka 1821 na alikowahi kufungwa Dinuzulu wa Wazulu. Alirudishwa Afrika Mashariki na kufia Mombasa mwaka 1927. Kwa serikali ya London, kisiwa cha mbali kilikuwa gereza lisilohitaji ukuta.

Viza ya Uingereza inatosha kuingia katika maeneo haya?

Inatosha kwa nchi zote nne. Kwa maeneo ya ng'ambo usichukulie hivyo: kila moja lina sheria yake ya uhamiaji, na idara yake ndiyo ya kuulizwa kabla ya kukata tiketi. Tristan da Cunha, yenye watu kama 240, haina hata uwanja wa ndege. Hufikiwa kwa meli kutoka Cape Town, safari ya takriban wiki moja, na ruhusa ya kushuka hutolewa na baraza la kisiwa.

Mbona katika soka wana timu nyingi na katika Olimpiki moja?

Vyama vya soka vya England, Uskoti, Wales na Ireland vilianzishwa kabla ya FIFA kuwapo, vikabaki na viti vyao. Katika Olimpiki hushindana kama timu moja, ingawa mwanamichezo wa Ireland ya Kaskazini anaweza kuchagua kuichezea Ireland. Maeneo saba ya ng'ambo ni wanachama wa FIFA kwa haki yao wenyewe, Gibraltar ikiwa ya mwisho kuingia mwaka 2016. Bermuda hupeleka timu yake Olimpiki, na mwanamichezo wa triathlon Flora Duffy aliipatia dhahabu yake ya kwanza katika michezo ya Tokyo. Montserrat haikuwa na bahati hiyo: tarehe 30 Juni 2002, siku ya fainali ya Kombe la Dunia, ilisafiri hadi Bhutan kwa pambano la timu mbili za mkiani kabisa katika orodha ya dunia, ikafungwa 4 kwa 0.